Kabla ya kuomba fildi, uliza ghalani kuna zao gani

Fildi yangu ya kwanza, yaani mafunzo ya chuo kwa vitendo, niliifanya kwenye ofisi kubwa mjini Mtwara, yenye kiyoyozi. Wiki nane nilitoa kopi na kupandisha bahasha ghorofani. Kwenye logibuku, daftari la kazi za kila siku, nikawa naandika "kupanga majalada" mpaka nikaona aibu. Ya pili nilikwenda Nachingwea, mkoani Lindi, kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima chenye meza mbili na feni mbovu, na uhasibu nikaujulia huko.

Kwa hiyo usianze na jina la ofisi, anza na msimu. Fildi nyingi huangukia Julai mpaka Septemba, na minada ya korosho hufunguka Oktoba. Ukienda kwenye chama cha korosho Agosti utakuta magunia matupu na stori za mwaka jana. Lakini Lindi kuanzia Juni ni ufuta, halafu mbaazi zinafuata. Hapo ghala lina mzigo, na wewe una kazi.

Barua ya utambulisho ichukue mapema, itoe kopi tano, uzipeleke kwa mkono wako. Mimi nilianzia halmashauri kwa afisa ushirika wa wilaya, maana ndiye anayejua chama kipi kina mzigo na kipi kina ugomvi. Ukifika, usiseme "kazi yoyote tu". Nilisema nataka kujifunza kupokea mzigo, kuandika stakabadhi na kufuatilia malipo ya wakulima baada ya mnada. Katibu akauliza swali moja: "Saa kumi na moja alfajiri unaamka?"

Asubuhi mkulima anashusha gunia, mpokeaji anachoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli, ubavuni, ufuta unamwagikia kiganjani. Anaupuliza, anatazama mchanga na takataka. Ukiwa mchafu, unarudi kuchekechwa. Ukipita, unakwenda kwenye mizani, mimi naandika. Siku ya tatu nikaandika kilo 69 badala ya 96. Mzee mwenye mzigo, miwani yake imefungwa kwa uzi, akairudisha karatasi taratibu: "Mjukuu wangu, hebu isome tena mizani." Kilo 27 za mtu! Tangu siku hiyo nikawa nataja uzito kwa sauti, mkulima anaitikia, ndipo kalamu inagusa karatasi.

Kosa lile nililiandika kwenye logibuku lilivyokuwa, pamoja na jinsi tulivyolisahihisha mbele ya katibu. Msimamizi kutoka chuoni alipokuja alizipita kurasa zote, akasimama pale pale, tukaongea karibu nusu saa. Andika kila jioni kabla hujaoga. Ukiacha mpaka Ijumaa utaanza kutunga.

Kuhusu hela, jipange mwenyewe kwa chumba na chakula cha mwezi wa kwanza. Hela ya fildi ikiingia, heri.

Wiki ya mwisho omba barua inayotaja kazi ulizofanya, moja moja, siyo "alikuwa na nidhamu nzuri". Mimi niliiandika rasimu, katibu akairekebisha, akagonga muhuri. Na acha namba yako ya simu. Oktoba alinipigia: korosho zimeanza kuingia, karani mmoja anaumwa, naweza kuja Jumamosi? Nikapanda basi Ijumaa.