Kutoa orodha ya vilivyomo kwenye ghala la Glacier kupitia terminali

Aliyezoea `aws s3 ls`, amri ya kuorodhesha faili kwenye S3 (hifadhi ya data ya Amazon), huchanganyikiwa anapokutana na Glacier ya zamani, huduma ya Amazon ya kuhifadhi data kwa muda mrefu, ile inayoweka data kwenye maghala yake yenyewe badala ya ndoo za S3. Huwezi kuchungulia ghala ukaona kilichomo papo hapo. Orodha huombwa, husubiriwa, kisha hupakuliwa. Kama data yako imo ndani ya ndoo ya S3 katika daraja la Glacier, mwongozo huu haukuhusu: `aws s3 ls` inakutosha.

Hatua ya 1: tafuta ghala

```
aws glacier list-vaults --account-id - --region eu-west-1
```

Kile kistari baada ya `--account-id` si kosa la uchapaji. Maana yake ni "tumia akaunti yenye funguo za AWS zilizowekwa kwenye terminali hii". Kila ghala lina kanda yake, kwa hiyo ukipata jibu tupu, jaribu kanda nyingine kabla hujaanza kuhofia kwamba data imepotea.

Kwenye jibu, tazama `LastInventoryDate`. Glacier huhesabu upya ghala takriban mara moja kwa siku, tena iwapo tu kuna kilichoongezwa au kufutwa. Tarehe hiyo isipokuwepo, ghala bado halijahesabiwa na ombi lako litakataliwa. Jaribu tena kesho.

Hatua ya 2: omba orodha

```
aws glacier initiate-job --account-id - --region eu-west-1 \
  --vault-name picha --job-parameters file://ombi.json
```

Ndani ya `ombi.json` andika:

```
{"Type": "inventory-retrieval", "Format": "JSON"}
```

Unaweza kuyaandika hayo moja kwa moja kwenye amri, ila alama za nukuu hutafsiriwa tofauti kwenye Windows na Linux, na faili hukuepusha na ugomvi huo. Ukipenda jedwali, weka `CSV` mahali pa `JSON`.

Utapewa `jobId`, mlolongo mrefu wa herufi. Uhifadhi. Ukiupoteza, `list-jobs` itakurudishia.

Hatua ya 3: subiri

Mara nyingi ni saa 3 hadi 5. Kuuliza kila dakika hakuharakishi chochote.

```
aws glacier describe-job --account-id - --region eu-west-1 \
  --vault-name picha --job-id="-kX9..."
```

Angalia ile alama ya `=` na nukuu zake. `jobId` inaweza kuanza na kistari, na ukiiacha wazi, programu hudhani ni chaguo jingine la amri na kukutupia ujumbe wa kosa usioeleweka. Andika hivyo kila mara, hata pale ambapo hakuna ulazima.

Ukiona `"Completed": true`, kazi imeisha. Matokeo hubaki kwa angalau saa 24, basi usiombe usiku wa kuamkia likizo.

Hatua ya 4: pakua

```
aws glacier get-job-output --account-id - --region eu-west-1 \
  --vault-name picha --job-id="-kX9..." orodha.json
```

Hatua ya 5: isome

Faili huja kama mstari mmoja mrefu usiosomeka kwa macho. `jq`, programu ya kusoma JSON, huifungua:

```
jq '.ArchiveList | length' orodha.json
jq '[.ArchiveList[].Size] | add' orodha.json
jq -r '.ArchiveList[] | [.CreationDate, .Size, .ArchiveDescription] | @tsv' orodha.json
```

Ya kwanza inakupa idadi, ya pili jumla ya baiti, ya tatu jedwali la kupitia kwa jicho. Glacier haijui majina ya faili. Inajua `ArchiveId`, kitambulisho cha kila kilichohifadhiwa chenye herufi 138, na maelezo yaliyoandikwa wakati wa kupakia. Ikiwa aliyepakia aliacha maelezo matupu, utabaki kubahatisha kwa tarehe na ukubwa.

Usishangae pia `SHA256TreeHash`, alama ya kuhakiki faili iliyomo kwenye orodha, ikitofautiana na jibu la amri ya `sha256sum` kwa faili ileile. Glacier hukata faili vipande vya MB 1, hukokotoa kila kimoja, kisha huunganisha matokeo mawilimawili hadi libaki moja. Hulingana tu kwa faili isiyozidi MB 1.

Kama lengo lako ni kufuta ghala, tumia kila `ArchiveId` kwenye `delete-archive`, kwa `=` na nukuu zilezile. Ukimaliza cha mwisho usikimbilie `delete-vault`: itakataa mpaka hesabu mpya ionyeshe ghala ni tupu, na hesabu hiyo huchukua takriban siku nzima.