Hamsta anakunywa maji kupita kiasi? Mpime sukari

Kama unafuga hamsta au degu (wanyama wadogo wa jamii ya panya), chora alama kwenye chupa yake ya maji kila asubuhi. Kwa kawaida hamsta hunywa takribani mililita 10 kwa siku kwa kila gramu 100 za uzito wake, kwa hiyo yule mdogo wa gramu 40 hamalizi hata kijiko cha chai. Akianza kunywa maradufu, maranda yakawa yanalowa haraka, naye anakonda ilhali anakula vizuri, shuku kisukari.

Vile vijiti wanavyotumia watu kupimia sukari kwenye mkojo vinafaa hapa pia. Mweke kwenye chombo kikavu, kisafi, kisicho na maranda wala chakula, kwa sababu tone la juisi ya tunda litakudanganya. Akikojoa, chovya kijiti na usome rangi kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Sukari ikionekana, rudia kesho yake, kisha mpeleke kwa daktari wa wanyama na majibu yako. Usimpunguzie maji hata kidogo! Anayapoteza kwa mkojo, na akinyimwa atakauka upesi.

Hamsta wadogo wa aina ya Campbell na wale wa Kichina ndio huugua zaidi. Degu naye mwili wake hauwezi sukari kabisa. Kwake kisukari mara nyingi huonekana kwanza kwa mtoto wa jicho. Matunda, asali na vile vitafunio vitamu vya dukani, mimi ningeviacha tu.