Mti mmoja, anga kubwa: kupaka upweke kwa rangi za maji

Mwaka 1842 Mwingereza J.M.W. Turner aliuchora mlima Rigi wa Uswisi kwa rangi za maji katika picha tatu: mmoja wa buluu, mmoja mwekundu, mmoja wa giza. Mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni nuru. Basi usihangaike kutafuta mandhari ya ajabu. Mti na uwanda vinatosha.

Hatua ya 1. Chagua hisia moja. Hapa tuchukue upweke. Chora kwa penseli vijipicha vitatu vidogo kama kiberiti, vya weupe, kijivu na weusi tu. Upeo wa macho ukiushusha chini kabisa, anga hutawala na mti huonekana umeachwa.

Hatua ya 2. Bandika kwa tepu karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba kwenye ubao, uinue kidogo upande wa juu. Rangi ni mbili: buluu ya altramarini na siena ya kuungua, yaani kahawia yenye wekundu. Ukizichanganya unapata kijivu, baridi au vuguvugu kutegemea ipi imezidi. Kijivu cha kopo hakina uhai huo.

Hatua ya 3. Anga, na kazi yenyewe iko hapa. Lowesha karatasi kwa maji safi, kisha ngoja. Itazame kwa ubavu: maji yakiacha kutuama na ukabaki mng'ao tu, paka. Brashi iwe na maji machache kuliko karatasi, la sivyo maji yatasukuma rangi na kuacha doa lenye kingo kama koliflawa. Tena paka nzito kuliko unavyotaka, maana rangi hufifia ikikauka. Nimepaka dhoruba nyingi zilizokauka zikawa asubuhi njema.

Hatua ya 4. Unyevu ungalipo, gusa vilima vya mbali viyeyukie angani. Acha vikauke kabisa.

Hatua ya 5. Sasa mti: rangi nzito, brashi karibu kavu. Huu ndio ukingo mkali pekee katika picha nzima, nao ndio unaoleta upweke kuliko buluu yoyote. Ukitaka utulivu badala yake, lainisha nao kwa brashi yenye unyevu.

Mkono ukikuwasha uongeze ndege, osha brashi.