Kumalizia pikipiki uliyoiunda mwenyewe mpaka ipate namba

Pikipiki za kuunda ninazoletewa zikiwa zimelala miezi chini ya turubai huwa zinawaka vizuri tu. Kinachozilaza ni karatasi, waya, na haraka ya kupaka rangi. Ndiyo maana kwangu rangi inakuja ikiwa imechelewa kuliko watu wanavyotaka.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya spana

Nenda kwenye mamlaka inayosajili vyombo vya moto nchini mwako, uchukue orodha ya wanachokagua. Usitegemee ya kijiweni. Kisha tazama namba ya chesisi, mara nyingi iko kwenye shingo ya fremu. Usiipitishie grainda, usiizibe kwa putii. Namba iliyosagwa inasomeka kama wizi, hata kama fremu ni yako halali. Weka risiti za fremu na injini pamoja, na piga picha kila kiungo ulichochomelea kingali chuma kitupu, maana mkaguzi akitaka kujua kuna nini chini ya rangi, picha ndiyo itakayojibu.

Hatua ya 2: Funga kila kitu bila rangi

Nikisema kila kitu namaanisha pia honi, vioo, kibao cha namba na taa yake. Pikipiki yangu ya kwanza niliipaka rangi, nikaipiga polishi, halafu nikagundua kibao cha namba hakina pa kukaa. Nikachomelea kipande, rangi ikaungua kiasi cha kiganja.

Zungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia injini ikiwa inawaka. Mlio ukipanda, kebo ya mafuta inavutwa. Ipitishe njia nyingine. Kisha toa springi za shokapu za nyuma, ushushe fremu hadi shokapu zifike mwisho, uone kama tairi linagusa madigadi au waya. Matundu yote, welding yote, yaishie hapa.

Hatua ya 3: Rangi

Fungua tena kila kitu. Ziba nyuzi za boliti na viti vya beringi kabla ya kupaka, na kwenye namba ya chesisi pitisha rangi nyembamba tu isomeke. Acha pia sehemu za ethi, yaani pale waya wa hasi unapofungwa kwenye fremu, zikiwa chuma kitupu.

Hatua ya 4: Umeme

Hizo ethi ndizo zinazosumbua watu baada ya rangi, hasa ile ya unga inayookwa, kwa kuwa haipitishi umeme kabisa. Utaona taa inafifia ukibonyeza honi, au indiketa zote mbili zinamulika kwa unyonge. Mimi siiamini fremu peke yake: navuta waya mweusi wa ethi kutoka kila taa hadi nukta moja, na kutoka hapo hadi hasi ya betri. Kupima ni rahisi. Washa taa, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ethi ya taa. Ikizidi volti 0.2, kuna mahali panabana umeme.

Fyuzi kuu ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, maana waya ulio kabla yake hauna ulinzi. Ukifunga indiketa za LED na zikapepesa kama zina wazimu, hazijaharibika. Zinakula umeme kidogo mno kwa flasha (kifaa kinachozipepesesha) ya zamani, badilisha flasha. Mwendo wa kupepesa unaotakiwa kwa kawaida ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika.

Taa ya breki lazima iwake kwa breki ya mkono na ya mguu, kila moja peke yake. Swichi ya mguu husahaulika sana.

Hatua ya 5: Breki na kukaza

Mafuta ya breki ya DOT 4 yanakula rangi, kwa hiyo funika tangi kabla ya kutoa hewa kwenye breki, na weka maji karibu ya kuosha tone likidondoka. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Ekseli, kalipa na usukani kaza kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha injini na fremu husika. Kila nati uliyokwisha kuikaza ipige mstari wa rangi, ikisogea utaiona. Cheni iachie mchezo wa milimita 25 hadi 35 kwa pikipiki nyingi za barabarani.

Hatua ya 6: Kuwasha na kukaguliwa

Washa, iache ipate moto, zima, ipoe kabisa, tafuta uvujaji. Rudia. Pima betri injini ikiwa inawaka na umezungusha kishikio cha mafuta kidogo: kwa mfumo wa volti 12, 13.5 hadi 14.5 ni sawa. Ikipita 15, regyuleta (kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji) imekufa na itakuchemshia betri.

Siku ya ukaguzi funga eksozi yenye sailensa kamili, hata kama unapenda kelele. Nchi nyingi pia zinatafuta herufi E ndani ya duara kwenye taa na vioo; namba iliyo pembeni yake ni ya nchi iliyoidhinisha, kwa mfano E1 ni Ujerumani na E4 ni Uholanzi. Taa za bei ya chini zisizo na alama hiyo zimerudisha nyumbani pikipiki nzuri sana.

Ukishapata namba, tembea kilomita mia ya kwanza polepole, kisha kagua ile mistari ya rangi kwenye nati moja baada ya nyingine.