Kumtoa mtoto kwenye chupa na maziwa ya kopo bila vita

Kwanza mtoto awe ametimiza mwaka. Chini ya hapo maziwa ya ng'ombe yasiwe ndo kinywaji chake kikuu, madini ya chuma ni machache mno na figo zake bado changa. Akishafika mwaka na anakula vizuri hana haja ya maziwa ya kopo tena, hata yale yaliyoandikwa ya mwaka 1 kwenda juu sio lazima.

Kosa nililofanya kwa wa kwanza ni kubadilisha maziwa na chupa siku moja, mtoto akaona kanyang'anywa vyote, tulilia wote wawili. Anza na maziwa. Tengeneza ya kopo kwa maji kama kawaida (usikoroge unga ndani ya maziwa ya ng'ombe jamani, yanakuwa mazito kupita kiasi), halafu changanya robo ya ng'ombe yaliyochemshwa yakapoa, baada ya siku tatu nne nusu kwa nusu, unaongeza hivyo hivyo mpaka yabaki ya ng'ombe matupu. Mpaka afike miaka 2 yawe yasiyotolewa mafuta. Ukiona vipele, anatapika au choo kina damu, acha na umpeleke hospitali.

Sasa chupa. Toa za mchana kwanza, mpe kikombe cha wazi chenye maziwa kidogo tu, mafunda mawili matatu. Wangu alikuwa anachungulia ndani, anachovya kidole, analamba, ndo anakunywa na nusu inaishia kifuani. Muache, ndo anajifunza.

Ya usiku ndo ngumu. Maziwa anywe kwenye kikombe kabla ya kulala, apigwe mswaki, kisha mbebe, muimbie, mpapase mgongo. Kulala na chupa mdomoni kunaozesha meno, hasa ya mbele ya juu. Akilia mbembeleze lakini usimrudishie, ukimrudishia usiku wa tatu umeanza upya. Chupa zote zitoke ndani, asizione. Akifika miezi 18 iwe imeisha.

Kwa siku mililita 350 mpaka 500 zinatosha. Yakizidi sana anashiba maziwa, chakula hataki, mwisho anapungukiwa damu. Na kama maziwa hayataki kabisa usimlazimishe, mpe mtindi, au yachanganye kwenye uji.