Jinsi ya Kuandaa na Kupiga Picha Gari la Spoti la Rangi ya Fedha au Kijivu Mjini Malindi

Gari jekundu hubaki jekundu popote utakapoliegesha, lakini gari la rangi ya fedha huchukua sura ya kila kilicho mbele yake: anga, mchanga, ukuta, hata kanzu ya mpiga picha. Sababu imo ndani ya rangi yenyewe. Chini ya tabaka la juu, ambalo mafundi wa rangi huliita klia, kuna chembe nyembamba za alumini zilizolala kama magamba ya samaki. Ukiitazama bodi moja kwa moja inang'aa, na ukiitazama kwa pembeni inafifia, na kwa hiyo mikunjo ya Nissan 350Z au Porsche 911 ya fedha husomeka vizuri kuliko ya gari jeupe. Kijivu nacho kina aina zake: kipo chenye chembe hizo hizo za alumini, na kipo kizito kisicho na chembe, kama kile ambacho Audi hukiita Nardo. Kabla ya kushika ndoo au kamera, hakikisha unajua gari lililo mbele yako lina rangi ya aina gani.

Hatua ya kwanza: kuondoa chumvi

Gari lililolala usiku mmoja karibu na ufuo wa Malindi huamka na utando wa chumvi na vumbi, na atakayepitisha kitambaa kikavu juu ya utando huo atakuwa anaisugua rangi kwa mchanga. Anza kwa kulisuuza gari lote kwa maji matamu mengi, kuanzia paa kushuka chini, pamoja na ndani ya matao ya magurudumu. Fanya kazi hii asubuhi mapema na kivulini. Ukiweka mgongo wa mkono kwenye boneti ukahisi joto, subiri, kwa sababu shampuu itakaukia juu ya rangi kabla hujaisuuza. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya kusuuzia glavu ya kuoshea, na usitumie sabuni ya vyombo, ambayo huondoa nta inayoilinda rangi.

Jambo la kuangaliwa zaidi hapa kwetu ni maji yenyewe. Visima vingi vya mwambao vina maji ya chumvichumvi na ya chokaa, ambayo yakikauka huacha madoa ya duara. Rangi ya fedha huyaficha madoa hayo mchana kutwa, kisha jua la pembeni likipiga yanatokea yote kwa pamoja, na kamera huyaona kabla yako. Ikiwa huna budi kutumia maji ya kisima, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya bomba, ukaushe mara moja kwa taulo kubwa la maikrofaiba. Madoa yaliyokwisha kushika hulegea kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa, mradi usiiache ikaukie pale na uisuuze vizuri baadaye. Kinyesi cha kunguru kisingoje zamu yake. Kiloweshe na ukiondoe kabla ya kazi nyingine yoyote, maana kwa joto letu huila klia.

Hatua ya pili: kuisafisha rangi kwa ndani

Chuchumaa usawa wa mlango, sentimita 20 hivi kutoka kwenye rangi, uitazame karibu na gurudumu la nyuma. Kwenye gari la fedha utaona vidoa vya rangi ya machungwa, vidogo kuliko mbegu ya ufuta. Hizo ni chembe za chuma zilizoruka kutoka kwenye breki, zikajichomeka kwenye klia na kupata kutu, na hewa ya chumvi huziharakisha. Nyunyizia dawa ya kuyeyusha chuma. Itageuka zambarau inapokutana na chembe hizo, na hapo ndipo utakapojua kwamba inafanya kazi. Ikishasuuzwa, pitisha klei, yaani donge laini la kunasa uchafu uliojishika kwenye rangi, pamoja na kilainishi hadi kiganja chako kisisikie ukwaruzo tena.

Polishi itumike kwa kiasi. Chembe za alumini hutawanya mwanga, hivyo rangi ya fedha husamehe mikwaruzo midogo ambayo gari jeusi lisingeificha hata kidogo, na mafundi wengi huendelea kuisaga klia bila ya haja yoyote. Klia ya kiwandani kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50 tu, pungufu ya unene wa unywele, na ikishaondolewa hairudi. Mimi huanza na polishi nyepesi kabisa kwenye eneo moja dogo, nikaliangalia kwa tochi, na mara nyingi huishia hapo hapo. Kijivu cha giza ndicho kinachodai umakini zaidi, kwa kuwa alama za mashine huonekana juu yake kama mawimbi jua linapopiga. Gari la kijivu kisichong'aa kabisa lisiguswe kwa klei, polishi wala nta ya kawaida. Hilo lioshwe tu kwa dawa zake maalumu.

Hatua ya tatu: vitu vyeusi

Watu wengi huiacha hatua hii, na kwa maoni yangu ndiyo inayolipa zaidi. Kwenye gari la fedha, umbo huchorwa na vitu vyeusi: mipira ya madirisha, mianya ya milango, grili, tairi. Plastiki iliyopaushwa na jua ikawa kijivu hulifanya gari lote lionekane limefubaa, hata kama rangi yake ni safi kabisa. Irudishie weusi kwa dawa ya plastiki, ufute mabaki meupe ya nta kwenye mianya kwa brashi laini, na tairi uzipake dawa isiyong'aa, kwa sababu tairi inayometameta hunasa mwanga na kuushindania na bodi.

Mwisho kabisa, liendeshe gari mita mia kadhaa ukikanyaga breki taratibu. Diski za breki hushika kutu ya manjano muda mfupi tu baada ya kuoshwa katika hewa ya baharini, na rimu za gari la spoti haziwezi kuificha kutu hiyo.

Hatua ya nne: kuchagua mahali na saa

Pwani yetu inatazama mashariki. Jua la asubuhi hutoka baharini na kupiga gari usoni, likapanda haraka kwa sababu tuko karibu na ikweta, na baada ya saa 1:30 mwanga huwa mkali mno kwa rangi ya fedha. Mimi hupendelea jioni: jua likishazama upande wa bara, anga la upande wa bahari hubaki jeupe lenye uwaridi, nalo huakisiwa kwenye milango bila kivuli kikali. Muda huo hauzidi dakika 20 hivi, basi gari liwe limekwisha kupangwa kabla. Barabara zilizo wazi upande wa ufuo wa Silversands hufaa, lakini liegeshe gari kwenye lami, si mchangani.

Kabla ya kuangalia kilicho nyuma ya gari, geuka uangalie kilicho nyuma yako wewe, maana ndicho kitakachoonekana kwenye milango. Mivinje na minazi huchora mistari iliyokatika katika boneti, na picha huonekana chafu ingawa gari ni safi. Ukuta mrefu uliopakwa chokaa, ukiwa mbele ya ubavu wa gari, huurudisha mwanga laini kuliko kifaa chochote cha studio. Udongo mwekundu wa njia ya Marafa hupendeza nyuma ya gari la kijivu, ila utauona pia umeakisiwa sehemu ya chini ya milango. Wewe mwenyewe vaa nguo nyeusi.

Hatua ya tano: kupiga

Tumia lenzi ya milimita 85 hadi 135 na usimame mbali, kwa kuwa lenzi pana huikuza pua ya gari na kulipotosha umbo. Wenye simu watumie lenzi ya kuvuta karibu (telefoto), wasisogee karibu na gari. Shusha kamera hadi usawa wa kiuno au goti, ukiipandisha na kuishusha mpaka mstari wa upeo wa bahari ulioakisiwa ulale sambamba na mkunjo wa bega la gari. Kata usukani ili uso wa rimu ya mbele uielekee kamera, si kashata za tairi.

Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani, hivyo gari la kijivu hutoka sawa, na la fedha likijaza fremu hutoka giza. Ongeza mwanga kwa theluthi moja au mbili za stopu, ambayo ni kipimo cha mwanga kwenye kamera. Weka upenyo wa lenzi f/8 na wepesi wa kamera kwa mwanga ISO 100, kamera juu ya tripodi, na urekebishe weupe kwa kadi ya kijivu, kwani kivulini rangi ya fedha hunywa bluu ya anga. Kichujio cha polaraizi hupunguza mwako wa juu wa klia bila kuuzima mng'aro wa alumini iliyo chini yake. Hakiwezi kusafisha kioo cha mbele na milango kwa pamoja, basi piga fremu mbili bila ya kuisogeza kamera, kila moja ukiwa umekizungusha kichujio kivyake, uziunganishe baadaye. Futa lenzi mara kwa mara. Upepo wa kusi huijaza chumvi.

Hatua ya sita: kuhariri

Punguza bluu kwenye bodi peke yake, si kwenye anga. Usizidishe ukali wa picha, kwa sababu chembe za alumini hugeuka chenga. Ficha namba za usajili. Ikiwa gari linauzwa, ondoa majani na vumbi lakini uache mikwaruzo na alama za mawe kama zilivyo, kwa kuwa mnunuzi aliyesafiri kutoka Nairobi akikuta bampani doa ambalo picha haikulionyesha, ataanza kushusha bei kabla hata hajafungua boneti.