Namna ya Kutafuta Msaada Kabla Benki Haijainadi Nyumba Yako kwa Malimbikizo ya Mkopo

Mkopo wa nyumba unapoingia malimbikizo nchini Kenya, benki hairuhusiwi kuiuza nyumba hiyo papo kwa papo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, pamoja na Kanuni za Madalali za mwaka 1997, zimeweka hatua ambazo mkopeshaji hulazimika kuzifuata, na kila hatua ina muda wake. Muda huo ndio mali ya kwanza aliyo nayo mdaiwa, na kwa bahati mbaya ndio unaopotezwa zaidi, kwa kuwa watu wengi huanza kutafuta wakili baada ya kuiona nyumba yao imetangazwa gazetini. Maelezo yafuatayo yanamhusu mtu aliyechukua mkopo kwa kuweka hati miliki rehani, akashindwa kulipa kwa miezi kadhaa, na anataka kujua ni wapi pa kubisha hodi na kwa utaratibu gani.

Zijue ilani na tarehe zake

Kwa mujibu wa kifungu cha 90 cha Sheria ya Ardhi, mdaiwa anapokuwa ameshindwa kulipa kwa muda wa mwezi mmoja, mkopeshaji anaweza kumpelekea ilani ya maandishi inayoeleza kosa lenyewe, kiasi kinachopaswa kulipwa ili kulirekebisha, muda wa kulipa ambao haupungui miezi 3, hatua zitakazochukuliwa asipolipa, na haki yake ya kuiomba mahakama impe nafuu. Ilani inayodai fedha bila kutaja kiasi, au inayotoa muda mfupi kuliko huo, ina kasoro ambayo wakili wako atataka kuiona. Muda huo ukipita bila malipo, kifungu cha 96 kinamtaka mkopeshaji atoe ilani ya pili, ambayo ni ya kusudio la kuuza, na asiuze kabla siku 40 hazijapita tangu ilani hiyo ilipowasilishwa. Nakala yake hupelekewa pia watu wengine wenye maslahi, akiwamo mume au mke aliyetoa ridhaa nyumba iwekwe rehani, na mdhamini wa mkopo kama yupo.

Baada ya hapo ndipo dalali huingia. Yeye naye hutakiwa na kanuni zake kumpa mwenye nyumba ilani ya maandishi ya siku zisizopungua 45 za kulikomboa jengo kwa kulipa deni, na muda huo ukiisha, mnada haufanyiki kabla siku 14 hazijapita tangu tangazo la kwanza kutolewa gazetini. Ukizijumlisha hatua hizi zinapofuatana, kuanzia mwezi wa kwanza wa kushindwa kulipa hadi siku ya mnada, unapata zaidi ya miezi 6. Nusu mwaka si muda mdogo kwa mtu anayeutumia.

Kwa hiyo weka faili. Hifadhi kila barua pamoja na bahasha yake, andika siku uliyoipokea na aliyeipokea, na usikatae kutia sahihi kwa kudhani kwamba kukataa kutaisimamisha saa. Ilani nyingi hutumwa kwa posta ya rejista kwenye anwani iliyoandikwa katika hati ya rehani, na ikiwa ulibadilisha sanduku la posta miaka iliyopita bila kuiarifu benki, huenda barua hizo zinalala mahali usipopajua; iandikie benki leo na uwape anwani ya sasa. Mdaiwa anapodai kwa kiapo kwamba hakupokea ilani, mkopeshaji ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba aliituma, lakini dai hilo halina nguvu mdomoni mwa mtu aliyekuwa akijibu barua zilezile.

Hesabu kabla ya mazungumzo

Omba kwa maandishi taarifa kamili ya akaunti ya mkopo tangu siku ya kwanza, barua ya masharti uliyotia sahihi, na nakala ya hati ya rehani. Kazi hii huonekana ndogo, ila ndiyo inayoamua kama utaongea na benki kama mtu anayelijua deni lake au kama mtu anayeomba huruma. Pitia riba iliyotozwa kila mwezi na uilinganishe na ile ya mkataba. Tazama adhabu za kuchelewa, ada za mawakili na gharama za dalali. Kisha utenganishe malimbikizo na deni zima, kwa kuwa hivyo ni vitu viwili tofauti na mara nyingi barua ya benki hutaja deni zima ilhali kilichochelewa ni sehemu tu.

Kuna kinga moja ambayo wadaiwa wengi hawaifahamu. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu mwaka 2007, kinaweka ukomo wa kile benki inachoweza kudai mkopo unapokuwa chechefu, yaani malipo yake yamechelewa kwa muda mrefu: deni la msingi lililokuwapo wakati huo, riba ya mkataba isiyozidi kiasi cha deni hilo la msingi, na gharama za kulidai. Ikiwa mkopo ulikuwa na deni la msingi la shilingi milioni 3 ulipoanza kuhesabiwa kuwa chechefu, riba inayodaiwa haiwezi kupita milioni 3 nyingine. Kwa deni lililosahauliwa kwa miaka mingi, hesabu hii inaweza kupunguza dai kwa kiasi kikubwa.

Angalia pia kama mkopo wako una bima. Mikopo mingi ya nyumba huambatana na bima ya maisha, na baadhi hugusa ulemavu au hata kupoteza kazi. Familia inayosumbuliwa na benki baada ya mkopaji kufariki inapaswa kuuliza habari ya bima kabla ya kuuliza jambo lingine lolote.

Kuiendea benki

Usiende tawini kuongea na mhudumu wa dirishani. Uliza idara inayoshughulikia madeni yaliyochelewa, pata jina la ofisa anayeshika faili lako, kisha uandike barua na uhakikishe nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa. Barua nzuri haihitaji maneno mengi: inataja namba ya mkopo na ya hati miliki, inaeleza kilichotokea kwa sentensi mbili au tatu, inaonyesha kipato cha sasa kwa vielelezo, inapendekeza kiasi mahususi na tarehe mahususi ya kuanza kulipa, na inaomba hatua za mnada zisitishwe mpaka jibu la maandishi litolewe. Unaweza kupendekeza muda wa mkopo urefushwe ili malipo ya mwezi yashuke, malimbikizo yajumuishwe kwenye deni na kulipwa polepole, ulipe riba pekee kwa miezi michache, au adhabu zifutwe ukilipa malimbikizo kwa mkupuo.

Wakati wa kupeleka barua hiyo una uzito wake. Kwa miongozo ya Benki Kuu ya Kenya, mkopo uliochelewa kwa zaidi ya siku 90 huhesabiwa kuwa chechefu, na benki hulazimika kutenga fedha zake kwa ajili ya hasara inayotarajiwa. Kabla ya hapo ofisa ana sababu ya kukusikiliza ili mkopo usivuke mstari huo. Baada ya hapo faili huhamia kwa watu ambao kazi yao ni kukusanya fedha, na ingawa nao hupatana na wadaiwa, hutaka kuona fedha kwanza.

Lipa chochote unachoweza huku mazungumzo yakiendelea, na usiahidi usichoweza kutimiza. Naliona hili kuwa kosa linalowagharimu wadaiwa kuliko kunyamaza kwenyewe: barua tano zenye ahadi tano zilizovunjwa huambatanishwa na benki katika hati yake ya kiapo, na jaji akizisoma huona mtu aliyekiri deni mara tano na kupewa nafasi mara tano. Makubaliano yoyote yatakayofikiwa yaandikwe, na yaseme wazi kwamba mnada umesimamishwa. Simu ya ofisa anayekwambia usiwe na wasiwasi haimzuii dalali aliyekwisha kupewa barua ya kazi.

Nani mwingine anaweza kukusaidia

Wakili aliyezoea kesi za benki ndiye msaada wa kwanza, na inafaa kumwona mara ilani ya miezi 3 inapofika, hata kama ni kwa ushauri wa saa moja. Thibitisha kupitia Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu. Asiye na uwezo wa kulipa anaweza kufika Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, au Kituo cha Sheria, shirika ambalo limekuwa likitetea watu wasio na uwezo tangu miaka ya 1970. Mwanamke ambaye nyumba ya ndoa iliwekwa rehani bila yeye kujua anaweza pia kuwaendea mawakili wanawake wa FIDA Kenya.

Jambo hilo la ndoa ni zito na linastahili kutazamwa kwa makini. Kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi kinasema kwamba rehani juu ya nyumba ya ndoa haina nguvu isipokuwa hati imetiwa sahihi na wanandoa wote, au kuna ushahidi kwamba mwenzi aliridhia. Kifungu cha 103 nacho kinampa mume au mke haki ya kwenda mahakamani kwa jina lake mwenyewe kuomba nafuu, hata kama mwenzake aliyekopa amekaa kimya. Tafadhali, haki hii isigeuzwe kuwa hila. Mwenzi aliyetia sahihi mbele ya wakili kisha akaapa kwamba hakujua lolote hujiharibia yeye na nyumba pamoja.

Malalamiko kuhusu hesabu au mwenendo wa benki hupelekwa kwanza kwa benki yenyewe, na yasiposhughulikiwa yanaweza kufikishwa kwa Benki Kuu. Ikiwa mkopeshaji ni chama cha akiba na mikopo, msimamizi wake ni SASRA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyama hivyo. Dalali anayevunja kanuni hushtakiwa kwa Bodi ya Kuwapa Madalali Leseni. Kati ya hao wote, hakuna anayesimamisha mnada kama mahakama inavyoweza.

Mahakamani

Ombi la kuzuia mnada huwasilishwa pamoja na kesi yenyewe, hati ya kiapo yenye vielelezo vyote, na cheti cha dharura ili lisikizwe haraka. Mahakama hupima mambo matatu yaliyowekwa na uamuzi wa mwaka 1973 katika kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown: kama mlalamishi ana hoja zenye dalili ya kufaulu, kama atapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa fedha, na, pakiwapo shaka, upande upi utaumia zaidi. Hoja zinazosimama vizuri ni zile za utaratibu: ilani haikutolewa au ina kasoro, mwenzi hakuridhia, au tathmini ya nyumba imepitwa na wakati. Mkopeshaji ana wajibu chini ya kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi wa kutafuta bei bora inayopatikana na kuhakikisha nyumba imefanyiwa tathmini kabla ya kuuza, na kanuni za madalali zinataka tathmini hiyo isiwe na zaidi ya miezi 12.

Hoja ya kwamba unabishana tu kuhusu kiasi cha deni kwa kawaida haitoshi. Mahakama za Kenya zimesema mara nyingi kwamba mkopeshaji hazuiliwi kuuza kwa sababu pande mbili hazikubaliani juu ya hesabu, na pengine mdaiwa akaamriwa kuweka mahakamani kiasi anachokubali kudaiwa. Jiandae kwa amri ya namna hiyo kabla ya kuingia kesini. Elewa pia kwamba zuio linalotolewa kabla ya upande wa pili kusikizwa haliruhusiwi kuzidi siku 14, na kwamba halina faida kama halikufikishwa kwa benki na kwa dalali kabla ya mnada kuanza. Kasoro ya ilani ikithibitishwa, mara nyingi benki huambiwa ianze upya. Deni linabaki palepale, riba inaendelea kupanda, na miezi uliyoipata ni ya kutafuta fedha.

Ukiwa huna tena njia ya kulipa

Iombe benki ikuruhusu kumtafuta mnunuzi mwenyewe. Nyumba inayouzwa na mwenyewe kwa mapatano aghalabu hupata bei nzuri kuliko inayouzwa mnadani. Benki nyingi hutoa muda wa kufanya hivyo zikionyeshwa barua ya mnunuzi aliye tayari. Kuhamisha mkopo kwa benki nyingine kunawezekana pia, japo mkopo ukishakuwa chechefu mlango huo huwa mwembamba.

Jihadhari na watu wanaopiga simu mara tangazo linapotoka gazetini, wakidai wanawajua wakubwa wa benki au karani wa mahakama, na wale wanaotaka utie sahihi hati ya uhamisho ili wakuokolee nyumba kwa muda. Mkopo wa shailoki, yaani mkopeshaji binafsi wa riba kubwa, wa kulipia malimbikizo huongeza mdai wa pili juu ya yule wa kwanza.

Haki ya kukomboa nyumba kwa kulipa deni ipo mpaka mkataba wa kuuza ufikiwe, na katika mnada hiyo ni pale nyundo inapogongwa. Baada ya hapo mnunuzi hulindwa na kifungu cha 99, na mdaiwa aliyeonewa hubaki na dai la fidia dhidi ya aliyeuza. Ikifika huko, dai hesabu ya maandishi ya mauzo. Linganisha bei iliyopatikana na thamani ya soko, kwa kuwa ikiwa chini yake kwa asilimia 25 au zaidi, sheria huchukulia kwamba mkopeshaji amevunja wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Fedha zinazobaki baada ya gharama na deni kulipwa ni zako, nazo ziombwe kwa barua bila kungoja benki ikumbuke kukuita.